Nyigu Mdogo Aliyeokoa Muhogo

Wasomaji wetu, kumpa mdudu jina kunafaa nini? Tusimulie habari ya muhogo wetu.

Katika miaka ya 1970 mdudu mweupe kama unga, atokaye Amerika ya Kusini, alinyausha mashamba ya Kongo, na njaa ikabisha hodi. Wataalamu wakaenda kwao kumtafuta adui yake. Kwanza walikosea: walimkuta mdudu wa kufanana naye sana, kumbe ni wa jinsi nyingine, na nyigu wake hawakumdhuru huyu wetu. Mwaka 1981 wakampata mwenyewe huko Paraguay, pamoja na nyigu asiyezidi milimita 2. Nyigu huyo hutaga yai ndani ya mdudu. Kiluwiluwi chake humla kwa ndani hata afe.

Tayari alikuwa na jina. Mwaka 1964 Luis De Santis wa Argentina alikuwa amekwisha kueleza umbo lake na kumwita lopezi. Mwaka huo wa 1981 aliachiliwa Nigeria, kisha Kongo na kwingineko; muhogo ukastawi tena.

Enyi wanafunzi, tusidharau kazi ya kuwapambanua wadudu: ndiyo imtambulishayo adui na rafiki.