Mashine ya Kuchonga Chuma: Kikundi Kijihadhari

Ndugu wanavikundi, tukitaja "mashine ya miling" hapa Itumbe, wengi wanafikiria mashine ya posho. Leo hatusemi unga. Tunasema ile mashine ya fundi inayozungusha kisu chenye meno ili kuchonga chuma. Lakini hizo mbili zinajuana: shafti ya mashine ya posho ikianza kuteleza ndani ya puli, ni hii inayochonga ule mfereji wa kuingizia kabari. Kijana aliyesomea ufundi kule Kisii National Polytechnic, iliyokuwa ikiitwa Gusii Institute of Technology, anaweza kuja na wazo kwamba kikundi kinunue moja ya mtumba, iwekwe bandani, kila memba aitumie.

Wazo ni zuri. Ila mashine ya watu wengi ina hatari yake: anayeiwasha leo si yule aliyeiacha jana.

Chukueni mfano. Jana memba alikuwa akikata, stima ikapotea, akaenda nyumbani bila kuzima swichi. Leo mwenzake anafunga chuma chake, mikono iko kando ya kisu, na stima inarudi. Mashine inaanza yenyewe! Kwa hivyo kabla ya rangi na mambo mengine, mwambieni fundi wa stima aweke swichi ambayo stima ikipotea inajizima, na ikirudi haiwaki mpaka mtu abonyeze. Tena, mashine nyingi za aina hii zinatumia nyaya tatu za moto. Mbili zikibadilishana nafasi wakati wa matengenezo, kisu kinazunguka kinyume. Kila nyaya zikiguswa, jaribuni kwanza bila chuma.

Sasa glavu. Hapa tunabishana na watu kila mara. Kubeba mabati, vaa glavu. Mbele ya kisu kinachozunguka, vua. Kisu cha upana wa milimita 20 kikikata chuma cha kawaida huzunguka karibu mara 400 kwa dakika, na kwa macho ni kama kinakwenda pole. Lakini pigeni hesabu: kwa sekunde moja kinaweza kuvuta kitambaa cha sentimita 40, yaani kutoka vidoleni karibu kufika kiwiko. Kidole kikigusa kitakatwa, na hilo ni baya. Glavu ikinaswa inaenda na mkono wote. Ni vivyo hivyo kwa leso, mikono ya sweta (asubuhi zetu ni baridi, tunajua), rozari shingoni na nywele zilizoachwa zikining'inia. Vaeni ovaroli iliyofungwa vizuri, miwani ya kukinga macho, na viatu vya kufunika mguu, si patipati. Glavu zina saa yake: kubadilisha kisu, mashine ikiwa imezimwa kabisa, maana meno yale ni makali.

Chuma kifungwe kwa jiriwa, ile mafundi wanaita vaisi. Kisishikwe kwa mkono hata kama kazi ni ya "dakika moja tu". Kisukumwe kikikutana na meno yanayokuja, kisifuate yanakoelekea. Mashine ya mtumba huwa na skrubu zilizolika, na kisu kinaweza kukinyakua chuma. Spana iliyokaza kisu itolewe kabla ya kuwasha. Kupima, au kufagia mabaki kwa brashi: zima kwanza, ngoja kisu kisimame chenyewe.

Kwa maoni yetu ufunguo wa swichi usikae kwa mwenyekiti kwa sababu ya cheo. Ukae kwa memba aliyefundishwa, na daftari liwe hapo hapo: nani ametumia, saa ngapi, nini kimelegea.

Kuna jambo vikundi husahau. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inagusa hata banda la mabati, na inataka sehemu za mashine zenye hatari zifunikwe. Ile ya fidia ya mwaka huo huo, ambayo wengi huiita WIBA, inamlinda aliyeajiriwa. Memba anayejifanyia kazi yake kwenye mashine ya kikundi hana mwajiri wa kumlipa. Basi shilingi chache za kila kazi ziwekwe kando tangu siku ya kwanza, ili mtu akiumia kuwe na pesa ya gari la kumfikisha hospitali saa hiyo hiyo.