Maktaba ya Kompyuta ya Kwapani

Mwaka 1986 Clive Sinclair, yule Mwingereza ambaye kompyuta zake za bei nafuu ziliingia katika nyumba nyingi za Ulaya, aliiuza biashara hiyo kwa kampuni ya Amstrad. Wengi walidhani amestaafu. La hasha! Mwaka uliofuata, chini ya kampuni yake nyingine iitwayo Cambridge Computer, alitoa Z88: kompyuta ya ukubwa wa karatasi ya A4, isiyofika uzito wa kilo moja, ibebwayo kwapani kama daftari na kuendeshwa kwa betri nne ndogo. Vibonyezo vyake ni vya mpira, havipigi kelele, na kioo chake huonyesha mistari minane tu.

Sinclair aliaga dunia mwaka 2021, lakini Z88 ingali na wapenzi wake. Si ajabu kwamba wanaitunza, kwani wako watunzao hata redio za mbao. La ajabu ni kwamba bado inaandikiwa programu mpya, tena kwa lugha ya C, kwa kutumia zana ziitwazo z88dk ambazo watu wa kujitolea walianza kuziunda mwishoni mwa miaka ya 1990. Kompaila yao, yaani mfasiri anayeigeuza C kuwa namba za mashine, inatokana na Small-C ya Ron Cain, iliyochapishwa Marekani mwaka 1980 katika jarida la Dr. Dobb's Journal.

Lakini mfasiri peke yake hafui dafu. C, aliyoibuni Dennis Ritchie katika maabara ya Bell mnamo 1972, ni lugha ya maneno machache mno. Kanuni za mwaka 1989 ziliyahesabu kuwa 32. Miongoni mwake hakuna hata moja la kuandika salamu kwenye kioo! Kuandika, kusoma faili, kutafuta kipeo cha pili, hayo yote ni kazi ya maktaba: akiba ya vipande vya programu vilivyokwisha kutengenezwa. Na hapo ndipo mtunzi anapotoa jasho, maana maktaba haiandikiki bila kuijua mashine ndani nje.

Tuchukue kuzidisha. Chipu ya Z80 iliyomo ndani ya Z88 inajua kujumlisha na kutoa, bali kuzidisha haijui kabisa. Ukiandika saba mara tisa, maktaba ndiyo inayoifanya hesabu hiyo kwa kusogeza tarakimu na kujumlisha, hatua kwa hatua.

Kubwa kuliko yote ni nafasi. Z88 ilitoka kiwandani na kumbukumbu ya kilobaiti 32, ambazo barua na hesabu za mwenye mashine nazo zinazihitaji. Kazi ya C ya kuchapa maandishi, iitwayo printf, hupenda kubeba kila kitu: herufi, namba nzima, namba za desimali. Watunzi wa z88dk walipata dawa ambayo mimi naiona ni ya busara sana. Mfasiri huchungulia maagizo ya kuchapa yaliyomo katika programu. Asipokuta desimali, huweka printf ndogo, na ile nene ikabaki nyumbani. Na desimali zikihitajika, kwa nini kubeba hesabu zake? Z88 ina hesabu hizo tayari katika kumbukumbu yake ya kudumu, hivyo maktaba huziazima humo kwa wito mfupi.

Kuazima nako kuna masharti. Z88 huumaliza mstari wa maandishi kwa alama namba 13, ilhali C iliyolelewa katika Unix imezoea namba 10. Asipoliangalia hilo mtunzi, barua iliyoandikwa na programu moja itasomwa na nyingine kama mstari mmoja usiokwisha. Tena mwenye mashine anaweza kubonyeza INDEX wakati wowote na kuhamia kazi nyingine. Programu iliyokuwa ikingoja herufi haipati herufi. Inapata taarifa kwamba imesimamishwa, au kwamba ichore upya kioo chake, au kwamba ifunge virago. C haikufundishwa adabu hizo. Mtunzi wa maktaba ndiye anayeifundisha, la sivyo mtumiaji atarudi akute kioo kitupu na kazi yake ya mchana kutwa haijulikani iliko.

Programu ikikamilika katika kompyuta kubwa, hupelekwa Z88 kwa waya. Yaweza kuendeshwa kupitia BASIC, au ikachomwa kwenye kadi ya EPROM na kuchomekwa katika moja ya matundu matatu ya mbele, ambapo jina lake hujitokeza katika orodha pamoja na yale ya kiwandani. Zana zenyewe, ijapokuwa zingali na jina la Z88, sasa huhudumia zaidi ya aina 100 za mashine za ukoo wa Z80, na kila moja imebidi itungiwe sehemu yake ya maktaba.