Posta Yenye Muonekano wa Kuchakaa: Ipendeze, Lakini Nambari ya Till Isomeke

Unauza jeans za mitumba, una kinyozi, ama unachoma nyama? Basi huenda umeshatamani posta yenye ule muonekano wa kuchakaa: mikwaruzo, vumbi, rangi iliyobanduka kama ukuta wa zamani. Unavutia macho, na si lazima umlipe mtu akutengenezee. Simu yako inatosha. Shida huanza pale uchakavu unapofika kwenye nambari ya malipo.

Inafanyaje kazi?

Unachukua picha mbili. Ya chini ni posta yako. Ya juu ni picha ya uchakavu, ambayo unaiwekelea kama karatasi nyepesi. Programu kama PicsArt na Photoshop hukupa njia za kuzichanganya. Tatu za kujua ni hizi:

- Multiply: weupe wa picha ya juu hupotea, weusi hubaki. Tumia kwa nyufa na madoa.
- Screen: kinyume chake. Weusi hupotea, weupe hubaki. Nzuri kwa vumbi na mikwaruzo myeupe.
- Overlay: huongeza tofauti kati ya mwanga na giza, kwa hivyo posta inakuwa na nguvu zaidi.

Picha ya uchakavu haihitaji kununuliwa. Piga picha mabati yenye kutu, ukuta uliobanduka, ama karatasi ya khaki iliyokunjwakunjwa. Igeuze iwe nyeusi na nyeupe kwanza, ndio rangi zake zisiingilie za posta yako. Kisha punguza ukali wake. Anza na kama 30%, halafu ongeza kidogo kidogo.

Pesa inapotea wapi?

Angalia tarakimu. 8 iliyokwaruzwa upande wa kushoto inafanana na 3. 6 ikipata doa upande wa juu kulia inafanana na 8. Mteja akikosea tarakimu moja tu, pesa inaweza kuingia kwa till ya mtu mwingine, na kuirudisha ni shughuli. Wewe umeshatoa bidhaa, yeye ana ujumbe kwamba amelipa, na hakuna aliyedanganya.

Msimbo wa QR nao una mipaka. Umeundwa kuvumilia uharibifu kiasi: takriban 7% kwa kiwango cha chini kabisa, na takriban 30% kwa cha juu. Kwa kuutazama tu, si rahisi kujua wako ni wa kiwango gani. Ukiuwekea vumbi la kompyuta, umekula akiba hiyo hata kabla posta haijapigwa na jua na mvua pale nje. Pia, usiguse ile miraba mitatu mikubwa ya kwenye pembe wala nafasi nyeupe inayozunguka msimbo. Kamera huitegemea kuupata msimbo.

Fuata mpangilio huu

1. Weka picha na rangi ya nyuma.
2. Andika kichwa, kwa mfano "Jeans Kali Zimefika".
3. Wekelea uchakavu juu ya hivyo viwili.
4. Mwisho kabisa, weka kisanduku cheupe kisicho na alama yoyote, na ndani yake nambari ya till, msimbo wa QR na jina la biashara kama lilivyosajiliwa.

Kwa sababu kisanduku kiko juu ya uchakavu, hakiguswi. Jina nalo linamsaidia mteja kulinganisha na ujumbe wa malipo anaoupata.

Kabla ya kuchapisha

Ukimtumia mchapishaji kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ikienda kama picha ya kawaida hubanwa, na mikwaruzo midogo inageuka ukungu.

Chapisha nakala moja kwanza. Ibandike pale itakapokaa, simama mahali mteja husimama, kisha mwombe mtu ambaye hajui nambari yako aisome kwa sauti. Mwambie pia ascan ule msimbo na alipe shilingi 10. Zikiingia kwa till yako, chapisha zilizobaki. Zisipoingia, umejua mapema, kwa bei ya karatasi moja.