Bia Siyo Dawa ya Mbu, Hata Ukiwa Kinamasini

Kila majira ya joto yanapokaribia Marekani, swali lilelile hunifikia, na wanaouliza ni watu waliosoma. Wengine wanaishi Houston au Dallas, wengine wanatoka Nairobi na Dar es Salaam kwenda kuwatembelea ndugu zao huko. Wamepanga kwenda Louisiana kupanda boti ya usiku, ile inayopita vinamasini kumulika wanyama na kufunga gatini kwenye baa moja baada ya nyingine. Hawaulizi habari za majaketi ya kuokolea maisha. Hawaulizi kama nahodha anakunywa. Wanauliza: "Mtaalamu, ni bia ngapi zinatosha ili mbu wasitusumbue?"

Hakuna idadi inayotosha. Bia haifukuzi mbu. Ushahidi tulio nao unaonyesha kwamba inawaita.

Nalijibu swali hili kwa urefu leo kwa sababu nimechoka kulijibu kwa mstari mmoja na kuambiwa, "Lakini mimi nimejaribu, inafanya kazi." Basi tulichambue hilo la kujaribu.

Tuanze na wanaosema damu yenye pombe humlewesha mbu akaanguka kabla hajamuuma mwingine. Anayeuma ni mbu jike peke yake, na anachobeba tumboni akishiba ni miligramu mbili tatu za damu. Mtu aliyefikia kiwango cha kukatazwa kuendesha gari katika majimbo mengi ya Marekani ana gramu 0.08 za pombe katika kila mililita 100 za damu yake, yaani pungufu ya sehemu moja katika elfu. Bia yenyewe ina asilimia 5 hivi. Kwa hiyo mbu anaonja kinywaji kilichozimuliwa mara makumi kadhaa, na huyu ni mdudu ambaye riziki yake ya kila siku ni sukari ya maua na ya matunda, yakiwemo yaliyoanza kuchacha. Hatalewa. Na hata angelewa, angelewa baada ya kukuuma, wakati mate yake yameshaingia mwilini mwako pamoja na chochote kilichokuwa ndani yake.

Wengine hudai kwamba pombe hutoka na jasho, na mbu haipendi harufu yake. Hili limepimwa. Mwaka 2002 watafiti wa Japani waliwapa watu 13 bia ya mililita 350 kila mmoja, wakahesabu mbu waliotua kwenye ngozi zao. Baada ya bia, waliotua waliongezeka. Mwaka 2010 yakatoka matokeo ya Burkina Faso, na haya ndiyo yanayotuhusu zaidi, kwa sababu mbu aliyetumika alikuwa Anopheles gambiae, msambazaji mkuu wa malaria barani mwetu, na kinywaji kilikuwa dolo, pombe ya mtama isiyo mbali na hizi zetu za vijijini. Harufu ya miili ya wanywaji ilipelekwa kwa bomba hadi walipokuwa mbu. Baada ya dolo, mbu wengi zaidi waliruka na kuielekea ile harufu. Kwa waliokunywa maji, hakukuwa na badiliko. Watafiti walipima pumzi na joto la mwili, wakakuta tofauti haielezwi na chochote kati ya hivyo viwili. Tafiti hizo mbili ni ndogo, nakubali. Lakini mwaka 2023, kwenye tamasha la muziki la Lowlands kule Uholanzi, jaribio lilifanywa kwa mamia ya watu waliohudhuria, na waliokuwa wamekunywa bia wakawavutia mbu zaidi, kwa takribani theluthi moja kuliko wasiokunywa. Japani, Burkina Faso, Uholanzi: aina tofauti za mbu, watu tofauti, na matokeo yote yanaelekea upande mmoja. Sijawahi kuona jaribio lililopimwa vizuri likaelekea upande wa pili.

Sasa, "lakini mimi nimejaribu." Hapa namwomba msomaji aitazame safari yenyewe hatua kwa hatua, kwa sababu safari hii imepangwa kwa namna inayomdanganya hata mtu makini.

Chukua eneo la Ziwa Maurepas, magharibi ya New Orleans. Mito ya Tickfaw na Blind inamwaga maji yake humo, na kando yake zipo baa zenye gati, ambazo wateja wengi huzifikia kwa boti. Boti inang'oa nanga machweo. Ikienda mwendo, hakuna anayeumwa, kwa kuwa mbu ni mrukaji dhaifu. Mtu anayetembea taratibu anampita. Mnafika baa ya kwanza, injini inazimwa, watu ishirini wanasimama kwenye mbao juu ya maji yaliyotulia, wanacheka na kuhema. Hewa ya kaboni dioksidi inayotoka vifuani mwao inasambaa juu ya maji, na mbu anaihisi kutoka umbali wa makumi ya mita. Akikaribia anaanza kunusa ngozi, akikaribia zaidi anahisi joto na unyevu, kisha anatua kwenye kifundo cha mguu, chini ya meza, mahali ambapo mkono wako haufiki upesi. Katika dakika kumi za kwanza kila mtu anajikuna. Ndugu mmoja anasema ngoja nitumie dawa, anamaliza bia mbili. Wakati huohuo machweo, ambayo kwa mbu wengi wa kinamasi ndiyo saa ya njaa kali, yanapita. Feni kubwa ya baa inapuliza upande wake. Kisha nahodha anawaita, boti inaondoka, upepo unaanza, mbu wanatoweka. Yule ndugu anatangaza ushindi wa bia.

Kilichomsaidia ni injini, feni na saa. Mwenzake aliyekunywa maji ya chupa naye hakuumwa boti ilipoondoka, lakini hakuna aliyemuuliza. Na baa ya tatu, pale yule mnywaji anapoapa kwamba hahisi kitu, anasema kweli kabisa: hahisi. Pombe imempunguzia hisia na umakini, siyo idadi ya mbu walio miguuni mwake. Vipele na muwasho vinaletwa na mwili wako kuyakataa mate ya mbu, na mara nyingi muwasho mkubwa huja baadaye, hata kesho yake. Asubuhi yake akiwa hotelini anajikuna hadi magotini na kulaumu mashuka.

Baadhi ya baa hizo hutundika taa za buluu zinazowaua wadudu kwa umeme, na mlio wake wa kuunguza humfanya mteja ajione salama. Watafiti wa Delaware walichambua wadudu waliouawa na taa za namna hiyo, matokeo yao yakachapishwa mwaka 1996: kati ya wadudu 13,789, wanaouma walikuwa 31. Waliobaki ni wadudu wa majini wasiouma na wengine wasio na hatia, wakiwemo wanaowala mbu na wanaoliwa na ndege na popo uliolipa nauli kuja kuwaona.

Kinachonikera si kwamba watu wanakunywa. Kinachonikera ni kwamba wakishaamini wamejikinga, wanaacha kujikinga. Marekani iliitokomeza malaria mwaka 1951, kwa hiyo mgeni kutoka kwetu hudhani mbu wa kule ni kero tu. Anakosea. Virusi vya West Nile vinabeba jina la wilaya ya Uganda vilikogunduliwa mwaka 1937, katika damu ya mwanamke mmoja mwenye homa. Vilionekana New York mwaka 1999, na kufikia 2002 Louisiana ilikuwa kati ya majimbo yaliyoathirika vibaya. Watu wengi, kama wanane katika kumi, wakiambukizwa hawahisi lolote. Lakini mmoja hivi katika kila 150 hupata uvimbe wa ubongo au wa utando wake, na hapo watu hupooza au hufa. Upo pia ugonjwa uitwao kwa kifupi EEE, unaoshambulia farasi na binadamu. Ni nadra sana, ila kati ya wale ambao huwashambulia ubongo, karibu theluthi moja hufa. Magonjwa haya mawili hayana chanjo ya binadamu.

Na mbu wa kinamasi wana mbinu zao. Yupo mmoja aitwaye Coquillettidia perturbans, mmoja wa wanaofikiriwa kuutoa ugonjwa huo wa EEE kwa ndege na kuuleta kwa watu. Viluwiluwi vya mbu wengi hupanda juu ya maji kuvuta hewa, na ndiyo maana mafuta yakimwagwa juu ya dimbwi hufa. Kiluwiluwi cha huyu hakipandi. Kina mrija mgumu, wenye meno, mwishoni mwa mwili, kinaouchomeka kwenye mzizi wa mmea ulio chini ya maji, kikavuta hewa iliyomo ndani ya mmea, kikaishi hivyo miezi mingi ya baridi bila kuonekana. Nimekata mizizi hiyo na kuvikuta viluwiluwi vimening'inia, vyembamba, havitikisiki mpaka uviguse. Unaposimama kwenye gati la baa lililozungukwa na mimea ya majini, chini yako ndiko walikolelewa.

Vituo vya bia vinakunyima jambo jingine, na hili wapenda wanyama wangepaswa kulijali zaidi. Jicho la binadamu huhitaji kama nusu saa gizani ndipo liwe tayari kuona vizuri, na dakika chache chini ya taa kali za baa zinaifuta nusu saa hiyo yote. Safari yenye vituo vinne maana yake mnarudi gizani mkiwa vipofu mara nne. Onaneni na wanyama kabla ya kituo cha kwanza. Mkishindwa, kaa nje, kiti kiupe mgongo mwanga. Shika tochi kando ya paji la uso, usawa wa macho yako, kwa sababu mng'ao wa macho ya mnyama hurudi kule mwanga ulikotoka. Ukiishikia kiunoni utakosa mengi. Nuru nyekundu juu ya maji ni aligeta, na rangi hiyo inatoka kwenye utando ulio nyuma ya jicho unaorudisha mwanga, kwa hiyo haikuambii lolote kuhusu hasira yake. Akikaribia, kadiria inchi kutoka puani hadi jichoni: hizo ndizo futi za urefu wake, kwa makadirio. Halafu shusha mwanga kwenye majani ya ukingoni. Vile vitone vidogo vya kijani vinavyometa kwa makumi ni macho ya buibui wawindaji. Wengi hupita wakidhani ni umande. Na vile visamaki vinavyokimbia mwanga pembeni ya boti huenda ni gambusia, ambao hapa ni kwao. Katika karne ya 20 walisafirishwa dunia nzima wale viluwiluwi vya mbu, na sehemu nyingi wakageuka balaa kwa samaki wenyeji.

Haya, cha kufanya. Dawa ya kupaka yenye DEET asilimia 20 hadi 30, au pikaridini asilimia 20; zote mbili ni nzuri, chagua moja. Paka kabla ya kupanda boti, siyo baada ya kuumwa: vifundoni, nyuma ya magoti, shingoni, masikioni. Rudia kama chupa inavyoelekeza, na mapema zaidi ukitoa jasho jingi. Nawa viganja baada ya kupaka, maana DEET huyeyusha plastiki na itaharibu darubini na miwani yako. Dawa ya mafuta ya mkaratusi wa limau nayo inafaa, ila si kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Mtoto wa chini ya miezi miwili hapakwi kitu, anafunikwa chandarua. Mimi ningemwacha nyumbani. Vaa suruali ndefu pana, soksi, mikono mirefu. Nguo za kubana haziwazuii, sindano ya mbu inapita. Nguo zinaweza kunyunyiziwa pamethrini ya asilimia 0.5, nyumbani, zikauke kabisa, kamwe isiwe ngozini wala ndani ya boti, kwani ikiwa mbichi inaua samaki. Bangili za harufu, programu za simu zenye mlio, vidonge vya vitamini B, vitunguu saumu: okoa fedha yako. Kaa mbele ya feni. Vaa jaketi la kuokolea maisha tangu mwanzo, hasa kama unakunywa, kwa sababu aligeta mara chache humgusa abiria lakini maji huwaua walevi kila mwaka. Nahodha asionje, Louisiana humpima kwa kiwango kilekile cha 0.08 anachopimwa dereva wa gari, na mimi ningeshuka ningemwona na kopo lolote mkononi.

Homa ikikupata ndani ya wiki mbili baada ya safari, mwambie daktari kwamba ulikuwa kinamasini Louisiana. Kama umesharudi Mombasa au Mwanza watakupima malaria kwanza, na ndivyo inavyopasa. Kipimo kisipoonyesha kitu, na kichwa kinapasuka kwa maumivu, shingo imekakamaa au umeanza kuchanganyikiwa, wewe au uliye naye msikubali kurudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu. Kitajeni kirusi cha West Nile kwa jina lake, na mtaje tarehe ya ile boti.