Swichi ya Mtandao Ipokeayo Amri

Katika ofisi na maduka makubwa ya siku hizi kuna kisanduku chembamba cha chuma chenye matundu mengi ya waya na taa ndogo zinazometameta. Kompyuta, printa na kamera zote hufungwa waya mpaka hapo. Hicho ndicho swichi ya mtandao, wala si swichi ya kuwashia taa. Wakati wa likizo ndugu yangu mkubwa, ambaye ni fundi wa mitandao katika duka moja la jumla, alinifundisha habari zake. Nami nimeona yafaa niwaeleze, maana watu wengi hukinunua kama wanunuavyo balbu, wakitazama bei tu.

Kazi ya swichi yafanana na kazi ya karani wa posta apangaye barua. Kila chombo katika mtandao kina anwani yake iliyotiwa kiwandani. Barua ikiingia kwa tundu la 3, swichi husoma anwani ya mpelekaji na kukumbuka kwamba yeye hukaa tundu la 3. Kisha husoma anwani ya anayepelekewa na kuitoa kwa tundu lake peke yake. Ikiwa hamjui bado, huitoa kwa matundu yote isipokuwa lile ilikoingilia. Tena ziko barua zilizokusudiwa watu wote, kama mbiu ya mjini, na hizo pia hutolewa kila tundu.

Swichi ya bei rahisi hujua hayo tu. Ni bubu: huwezi kuiuliza neno wala kuiamuru. Ile ya pili hupokea amri. Fundi huketi kwenye kompyuta yake, hutia neno la siri, akaona kila tundu linapitisha kiasi gani na lipi lina waya mbovu, na akitaka hulifunga bila kuinuka kitini.

Tofauti huonekana siku ya taabu. Tuseme mfagiaji ameona waya unaning'inia nyuma ya meza, naye kwa nia njema akachomeka ncha zake zote mbili katika swichi ile ile. Mbiu ya kwanza itakayotoka kwa tundu moja itarudi kwa la pili, itolewe tena kwa matundu yote, irudi tena. Wala haichoki, maana barua za mtandao wa Ethernet hazina hesabu ya safari ambayo ikiisha hutupwa. Kwa sekunde chache waya zote hujaa mbiu ile ile, kompyuta za keshia husimama, na wateja wanangoja foleni. Fundi mwenye swichi bubu hana la kufanya ila kuchomoa waya mmoja mmoja.

Dawa yake ilibuniwa mwaka 1985 na mama mmoja wa Marekani, Radia Perlman, alipokuwa akifanya kazi katika Digital Equipment Corporation. (Aliitungia hata shairi, jambo litakalowafurahisha washairi wetu.) Swichi zenyewe huzungumza, huchagua moja iwe shina, na kufunga kila njia ya ziada, hata zilizobaki zikawa kama matawi ya mti yasiyokutana tena. Njia ikikatika, ile iliyofungwa hufunguliwa.

Lakini kanuni hiyo nayo yataka mtunzaji. Novemba 2002 mtandao wa hospitali ya Beth Israel Deaconess, mjini Boston, ulianguka kwa siku kadhaa. Ulikuwa umeongezwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, mpaka ukapita kipimo ambacho kanuni ya mti yaweza kukichukua. Waganga wakarudia kuandika kwa karatasi.

Faida ya pili, nami naiona kubwa zaidi, ni kugawa. Swichi moja ya matundu 24 yaweza kuamriwa iwe kama swichi tatu: matundu 8 ya keshia na wahasibu, 8 ya kamera, na 8 ya wageni. Mafundi huliita kila fungu VLAN, nalo hupewa namba kati ya 1 na 4094. Mbiu ya fungu moja haisikiki katika jingine. Atakaye kuvuka hana budi kupita kwenye ruta, na pasipowekwa kanuni za kuzuia hapo, kugawa kote huko ni kazi bure. Mwaka 2013 wezi waliingia katika mtandao wa maduka ya Target ya Marekani kwa neno la siri la mkandarasi wa majokofu. Kwa kuwa sehemu za mtandao hazikutengwa vya kutosha, walifika hata kwenye mashine za keshia, wakaiba habari za kadi za malipo zipatazo milioni 40.

Sisemi kila duka linunue swichi ya namna hii. Lenye kompyuta tatu na printa moja halina haja nayo. Tena swichi ya kuamriwa isiyo na mwenye kuiamuru yaweza kuwa mbaya kuliko ile bubu, kwani nyingi zimetoka kiwandani na neno la siri lililoandikwa kitabuni mwake, ambalo kila mwizi aweza kulisoma. Libadilishwe siku ile ile. Kadhalika, katika swichi nyingi amri mpya hukaa kwanza katika kumbukumbu ya muda. Fundi asipozihifadhi, umeme ukikatika hupotea, na asubuhi wageni wamerudi fungu moja na keshia. Ndugu yangu huzihifadhi, kisha huziandika katika daftari pamoja na namba ya kila tundu na chumba ambacho waya wake waenda, na daftari hilo hulifungia kabatini.