Chifu wa Mfalme na Haki ya Kabila Dogo

Waulize vijana wetu hapa Rongai chifu ni nani, nao wengi watakujibu kwamba ni mzee wa mila, kana kwamba cheo hicho tulikirithi kutoka kwa mababu. La hasha. Jamii nyingi za Bonde la Ufa zilikuwa na wazee, marika na mabaraza, wala hazikuwa na machifu. Chifu aliletwa na sheria ya mwaka 1902 iliyowapa Waingereza uwezo wa kuteua wakuu wa vijiji, kisha akaongezewa meno na sheria ya mwaka 1937. Yeye alimtii Mkuu wa Wilaya, huyu akamtii Mkuu wa Mkoa, huyu naye akamtii Gavana, na Gavana akamtii Mfalme aliyekuwa London. Katika ngazi hiyo yote hapakuwa na kidato hata kimoja kilichomwelekea mwananchi.

Utawala wa namna hiyo uliwaumiza wengi, lakini kabila dogo uliliumiza mara mbili. Jina la Rongai ni la Kimaasai, ilhali Wamaasai waliondolewa katika nchi hii kwa mkataba wa mwaka 1904, wengi wao wakapelekwa Laikipia, kwa ahadi kwamba mkataba huo ungedumu maadamu wao wangalipo duniani. Ulidumu miaka 7. Mwaka 1911 ukaandikwa mwingine wa kuwatoa hata huko Laikipia, na waliposhtaki, mahakama iliamua mwaka 1913 kwamba haikuwa na uwezo wa kuisikiliza kesi hiyo, kwa sababu mkataba ulikuwa baina ya dola mbili. Ajabu iliyoje! Mtu anatawaliwa kama mtoto, lakini akidai haki anaambiwa yeye ni dola la kigeni.

Hata hivyo, Wamaasai walitengewa eneo lenye mipaka na jina lao. Waogiek wa msitu wa Mau hawakupata hata hilo. Tume ya Carter, iliyoteuliwa mwaka 1932 na kutoa ripoti mwaka 1934, ilipendekeza kwamba watu wa misituni, ambao serikali iliwaita Wadorobo, wahamishiwe katika maeneo ya makabila makubwa na kumezwa humo. Kwa macho ya mtawala, kabila dogo lilikuwa usumbufu wa karatasi.

Msomaji asidhani kwamba hayo ni ya kale tu. Chifu wetu wa leo ni mlango. Kijana anayetaka kitambulisho, mjane anayefuatilia mirathi ya marehemu mumewe, mzazi anayeomba basari, wote hupitia kwake ili aandike kwamba anawatambua. Basi jamii iliyogawanywa miongoni mwa maeneo ya majirani hutambuliwa na majirani. Siku za kawaida hilo halina madhara makubwa, kwani machifu waungwana wapo, nami nawajua. Shida huja siku ardhi inapogawanywa, jirani akawa mshindani wako na karani akawa ndugu ya jirani.

Ndivyo Waogiek wanavyolalamika kuhusu mashamba ya Mau Mashariki yaliyogawanywa katika miaka ya 1990. Walikwenda mahakamani mwaka 1997, na hukumu ikatoka mwaka 2014, baada ya miaka 17! Mahakama ilikubali kwamba haki zao zilivunjwa, ikaiagiza Tume ya Taifa ya Ardhi ifungue daftari la Waogiek kwa kushauriana na baraza la wazee wa Ogiek. Tafadhali litazame neno hilo, wazee. Kwa maoni yangu, hapo jaji aligusa kidonda chenyewe, yaani nani mwenye mamlaka ya kusema huyu ni mwenzetu.

Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha nayo iliamua tarehe 26 Mei 2017 kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek, na mwezi Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi milioni 157.85 na warudishiwe ardhi ya mababu zao. Mwezi Novemba 2023 wengine wao walifukuzwa msituni upande wa Narok, nyumba zikabomolewa.

Katiba ya mwaka 2010 inawataja walio wachache katika kifungu cha 56, na iliipa serikali miaka 5 kuufanyia marekebisho utawala wa mikoa. Sheria ya mwaka 2013 ikabadilisha majina, Mkuu wa Wilaya akawa naibu wa kamishna wa kaunti, na ngazi ikabaki ileile, ikitazama juu.

Wapo watakaosema kwamba kumpa Mwogiek chifu wake ni kupalilia ukabila. Mimi naona hoja hiyo hutolewa zaidi na wale ambao tayari wana wao. Tena sisemi kwamba chifu wa damu yako hawezi kukuonea. Aweza, na pengine zaidi. Ndiyo maana naliweka daftari mbele ya cheo. Liandikwe Nessuit na Mariashoni, wazee wakiwa wameketi mezani, majina yasomwe hadharani katika baraza, na anayepinga jina apinge mchana kweupe. Chifu na ahudhurie kama shahidi, kalamu ikiwa mikononi mwa wengine.