Fundi Kwanza, Duka Baadaye

Mashati mawili meupe yanaweza kutoka kwenye belo moja la mtumba pale soko la Karume, Dar es Salaam, yakauzwa kwa bei ileile, na Jumatatu ofisini yakawa mbingu na ardhi. La kwanza limevaliwa kama lilivyochambuliwa kwenye rundo: mikono inafunika vidole, ubavu unapwaya, na kifungo kimoja hakifanani na wenzake. La pili limepita kwa fundi cherehani, likabanwa ubavuni, likafupishwa mikono, likabadilishwa vifungo vyote, kisha likapigwa pasi. Mwenye la pili ndiye atakayeulizwa amenunua duka gani.

Ushauri mwingi wa urembo unaotufikia kwenye simu hutueleza cha kununua. Kwa mtu anayelipwa tarehe 28 na kuanza kukopa vocha tarehe 12, ushauri huo hauna kazi. Ukiwachunguza wanaopendeza kila siku mtaani kwako, utagundua wengi wao hawana nguo nyingi. Wana fundi anayewajua vipimo, wana pasi, na wana saa moja ya kujitunza Jumamosi jioni. Shilingi chache wanazopata huzipeleka kwa fundi kabla ya kuzipeleka dukani.

Jicho la kuchagulia

Kwenye mtumba, saa ya kwenda ni sehemu ya bei. Belo likipasuliwa asubuhi, wenye maduka na wauzaji wa mtandaoni huwa wameshazunguka meza, na nguo bora huondoka kwa bei yao. Pale Gikomba, Nairobi, nguo hizo za kwanza huitwa kamera, na zile za mwisho kabisa huitwa fagia. Mwenye pesa ndogo aende alasiri katikati ya wiki, muuzaji anapoanza kuita "jero jero, buku buku" ili afunge meza. Wakati huo kinachobaki ni jicho lako.

Anza na mabega. Fundi anaweza kupunguza kiuno, kukunja pindo, kubana suruali chini na kufupisha mikono kwa gharama ndogo. Bega likizidi, inabidi afumue mkono mzima na kuupachika upya, kazi ya bei kubwa ambayo mara nyingi haitoki vizuri. Kwa hiyo bega likikaa sawa, chukua. Likianguka, rudisha hata kama rangi imekuvutia. Kwenye suruali, angalia makalio na mapaja kwanza, kwa maana kupanua ni kugumu kuliko kupunguza.

Baada ya hapo igeuze nguo ndani nje. Tazama kwapa na kola, ambako madoa ya jasho hayatoki kirahisi. Vuta zipu mara mbili. Inyooshe kuelekea jua uone kama kitambaa kimechakaa mahali. Pindo lenye kitambaa cha ziada ndani ni bahati, kwa sababu fundi atapata pa kuongezea siku ukinenepa.

Kitambaa nacho kina maana katika joto la Pwani. Pamba hunyonya jasho. Poliesta hulishika mwilini pamoja na harufu yake. Ukitaka uhakika, ukifika nyumbani chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani uuchome. Wa pamba utanuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Wa poliesta utayeyuka na kugeuka kijidonge kigumu. Mara tatu nne hivi, na mkono wako utajifunza kutofautisha bila moto.

Kitu kimoja usikitafute mtumbani: nguo za ndani. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limepiga marufuku zile zilizovaliwa, na sababu za kiafya hazihitaji maelezo marefu. Nunua mpya, hata kama ni chache.

Shilingi inayobaki mtaani

Mtumba una siasa zake. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuuondoa hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vya nguo vipumue. Marekani ikaanza kuzipitia upya nafuu za kuingiza bidhaa kwenye soko lake chini ya sheria ya AGOA, nchi nyingine zikalegeza kamba, na Rwanda ikabaki kwenye msimamo wake hadi nafuu yake ya nguo iliposimamishwa mwaka 2018. Mjadala huo haujaisha. Lakini kila unapompa kazi mama au kaka mwenye cherehani kwenye kibaraza, sehemu ya bei ya vazi lako inabaki mtaani kwako, na hilo halihitaji kikao cha marais.

Fundi naye ana namna yake ya kuendewa. Usimpelekee picha ya simu peke yake. Mpelekee nguo nyingine inayokukaa vizuri aipime. Unapojaribisha, vaa viatu na sidiria utakayovaa siku yenyewe, maana kisigino cha inchi mbili hubadilisha pindo lote. Mwambie aache akiba ya kitambaa kwenye mishono ya ndani na apige ovaloki ili kisifumuke. Lipa kianzio, na salio ulitoe ukishavaa ukajitazama. Kisha kuna lile jibu tunalolijua wote: "Dada, njoo kesho." Dawa yake ni kumtajia tarehe iliyo siku tatu kabla ya shughuli, na kutompelekea kitu wiki ya Idi au Krismasi, wakati kibanda chake kimefurika hadi mlangoni.

Kama unashonesha khanga au kitenge cha pamba, kifue kabla ya kukipeleka. Pamba mpya hurudi ikipata maji, na gauni lililokukaa Jumamosi linaweza kukubana Jumatano. Khanga ikikatwa vizuri, pindo lake huwa pambo tosha: mwambie fundi aliweke chini ya sketi au kwenye mikono, na hutahitaji lesi wala urembo mwingine. Kitenge chenye maua makubwa kinahitaji kitambaa zaidi ili maua yakutane kwenye mshono. Ukibana kitambaa hapo, ua litakatika katikati ya kifua na kila mtu ataliona.

Sasa tufanye hesabu. Gauni la shilingi 60,000 likivaliwa mara mbili, kila uvaaji umekugharimu 30,000. Shati la mtumba la 5,000, ukaongeza 3,000 za fundi, likivaliwa mara moja kwa wiki mwaka mzima, kila uvaaji ni kama shilingi 150. Rahisi ni ile inayovaliwa.

Mzigo wa sare

Hesabu hiyo inatufikisha kwenye jambo linalokausha mifuko ya wanawake wengi Tanzania kuliko duka lolote: sare za shughuli. Kicheni pati ina sare yake, sendofu yake, harusi yake, na ukiwa na ndugu wengi mwaka mmoja unaweza kuvikusanya vitambaa vinne ambavyo havitatoka kabatini tena. Wengine hukopa ili wasionekane wametengwa. Wahenga walishasema nguo ya kuazima haisitiri matako, na ya mkopo nayo haiko mbali na hiyo.

Kukataa sare si rahisi, kwa kuwa ni heshima kwa mwenye shughuli. Kinachowezekana ni kuishona kwa akili. Badala ya gauni refu la kumetameta lenye mkia, shona vipande viwili, blauzi na sketi. Baada ya harusi, sketi itavaliwa kazini na fulana nyeupe, na blauzi itavaliwa kanisani au kwenye maulidi na suruali nyeusi au baibui iliyo wazi mbele. Kama kamati imechagua rangi tu bila kitambaa, tafuta kwanza kabatini kwako na kwa dada zako. Shoga wawili wenye mwili mmoja wanaweza kubadilishana kwa miaka bila mtu kugundua.

Kwa wanaume, jibu la zamani bado ni jibu zuri: Kaunda suti, iliyopewa jina la rais wa kwanza wa Zambia. Haihitaji tai wala shati la ndani, inashonwa na fundi wa mtaani, na ikiwa ya kitambaa chepesi inamfaa mtu ofisini, msibani na kwenye kikao cha mahari. Ukichagua rangi ya udongo au bluu iliyoiva, koti lake litavaliwa na suruali nyingine na suruali yake na shati lingine, ukapata mavazi matatu.

Hiyo ndiyo kanuni ya kabati dogo. Chagua rangi mbili tulivu ziwe msingi, kwa mfano nyeusi na bluu, kisha rangi moja ya kuchangamsha. Kila kipya kinachoingia kipatane na angalau vitu vitatu vilivyomo. Kisipopatana, kitakulazimisha kununua kiatu chake, mkoba wake na kilemba chake.

Ngozi, nywele na harufu

Nguo nzuri juu ya ngozi iliyopauka ni kazi nusu. Siri ya mafuta iko kwenye wakati wa kuyapaka: ngozi ikiwa bado na unyevu wa kuoga, mafuta ya mgando au ya nazi hufungia maji ndani. Kiasi kidogo kinatosha, na visigino na viwiko visisahaulike. Kwa kwapa, kijiwe cha shabu kinachouzwa sokoni kwa bei ya pipi chache hufanya kazi kwa miezi. Kiloweshe, kipake kwapani baada ya kuoga, uache pakauke.

Pwani na visiwani kuna hazina ambayo wengi wameiachia mabibi harusi. Liwa iliyosagwa juu ya jiwe kwa maji au marashi hulainisha uso. Singo ya Unguja, yenye liwa, mawaridi, asumini na viungo vingine, husugua mwili ukabaki unanukia. Udi chini ya kapu la nguo usiku huzipa harufu inayodumu, wakati ile ya manukato ya kupulizia huisha kabla ya adhuhuri. Kwenye hina kuna onyo moja. Hina halisi hutoa rangi ya chungwa hadi kahawia. Ile nyeusi ya papo hapo mara nyingi huchanganywa na piko, dawa ya nywele yenye kemikali ya PPD, ambayo huweza kuunguza ngozi na kuacha kovu lenye umbo la ua ulilochorwa.

Onyo kubwa zaidi ni mkorogo, ule mchanganyiko wa krimu za kung'arisha ngozi. Mwishoni mwa 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyokusudia kupiga marufuku sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na dawa za kung'arisha ngozi kuanzia Januari 1969. Wasichana walibughudhiwa mitaani Dar es Salaam kwa ajili ya kipimo cha sketi, aibu ambayo hatupaswi kuirudia. Katika orodha ile yote, kilichokuwa na sumu ya kweli kilikuwa kimoja: hizo dawa za ngozi. Zebaki huharibu figo, haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huacha weusi usiotoka, na steroidi hukondesha ngozi hadi ikajaa michirizi. TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia vipodozi, inaweza kukamata mzigo bandarini, lakini haiwezi kuingia bafuni kwako. Kopo lisiloandikwa kilichomo ndani yake, au linalojazwa na muuzaji mwenyewe, liache mezani kwake. Ngozi nyeusi iliyooga na kupakwa mafuta haihitaji kingine.

Kichwani, mitindo ya nywele zako mwenyewe ndiyo nafuu: mistari, twende kilioni, au nywele za uzi ambazo sasa wasichana wa mjini wamezirudia kwa fahari. Mwambie msusi asikaze. Usuko unaouma hadi usingizi unakataa hunyonyoa nywele za pembeni, na kuzirudisha ni gharama ya miaka. Usiku funga kitambaa cha satini, na mistari ya wiki moja itafika wiki mbili. Wanaume, muulize kinyozi kama amepitisha spiriti kwenye mashine kabla haijagusa kidevu, maana vipele vya ndevu havifichwi na shati.

Viatu ndivyo vinavyosema ukweli. Raba nyeupe isuguliwe kwa mswaki wa zamani na sabuni, kamba zifuliwe peke yake. Kiatu cha ngozi kipigwe kiwi Jumapili usiku. Soli ikianza kufunguka, fundi viatu aitie uzi siku hiyohiyo, kwa sababu ufa wa leo wa shilingi elfu moja ni jozi mpya mwezi ujao. Na makubazi ya ngozi ya Pwani, kwa mwanamke au mwanamume, huvaliwa na karibu kila kitu.

Mshahara ukitoka, basi, fuata mpangilio huu. Kwanza toa kabatini kila nguo unayoipenda ambayo huivai kwa sababu ya kasoro ndogo, kama zipu, kifungo, pindo au kiuno, uzifungashe kwa fundi. Pili peleka viatu vikashonwe. Tatu nunua mafuta, sabuni na shabu vya mwezi. Kikibaki kitu, ndipo uende Karume, Mlango Mmoja ya Mwanza au Memorial ya Moshi kutafuta kile kimoja kinachokosekana, ukiwa umekiandika kwenye karatasi. Wengi wakishafika hatua ya pili hukuta kwamba hakuna kinachokosekana tena.